Mwanga Tumeshapita, Mzee

Mume wangu, Baba Nana, ni stoo kipa. Ana leja kubwa, ana kalamu za rangi tatu kwenye mfuko wa shati, na ana ugonjwa wa kuuliza "kimetoka kwa idhini ya nani?" hata kijiko kikihama kabati. Kazini wanamheshimu sana. Sisi tunaishi naye.

Kila mwaka, watoto hawajafanya hata mtihani wa kufunga shule, yeye ameshafungua faili la safari. Na hii si safari ya kukaa mkaamua mwende au msiende. Baba Nana ni Mchaga wa Marangu, na Mchaga wa Dar ikifika Desemba sharti apande kwao "kuhesabiwa", kama tunavyowatania. Mimi ni Mpare wa Ugweno, mtani halali kabisa, kwa hiyo kule kwao nahesabiwa kwa hisani tu. Mpango wetu ni uleule siku zote: Krismasi kwa mama mkwe, Mwaka Mpya kwa mama yangu.

Asiyewahi kutafuta basi la Kilimanjaro wiki ya Krismasi na ashukuru. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yaje kusaidia, hutangaza nauli zisipandishwe kiholela, na bado ukifika dirishani unaambiwa imebaki siti moja, nayo ni kukaa juu ya injini. Baba Nana shida hizo huzisikia redioni. Tiketi zetu zilikatwa mapema, zikatolewa kopi, na kopi zikatolewa kopi.

Kwenye mlango wa friji akabandika ratiba ya alfajiri ya kuondoka. Mistari miwili naikumbuka vizuri: "Saa 8:40 usiku, Junia kuamshwa. Saa 8:50 usiku, Junia kuamshwa tena." Hapo sikuwa na la kusema, mtu anamjua mwanawe.

Kitinda mimba wetu amerithi jina la bibi yake, ndiyo maana tunamwita Bibi Mdogo, naye hutapika dereva akitia tu ufunguo. Zamani jambo hili lilikuwa rahisi: rambo mbili, unafunga fundo, mnaendelea na maisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mzazi mwenye mtoto wa namna hii anasafiri kwa imani. Baba Nana alimtengea kindoo cha rangi chenye mfuniko, akakibandika lebo: DHARURA – B. MDOGO.

Lebo sasa ndizo zenye hadithi.

Mizigo yetu yote ilikuwa kwenye mifuko ya shangazi kaja, ile ya miraba ya bluu na nyekundu ambayo nusu ya Watanzania wanasafiri nayo. Kwa kuwa yote inafanana, mwaka huu Baba Nana alisema tutakomesha kubahatisha. Akaprinti lebo kwa herufi kubwa, akazipeleka kupigwa laminesheni, akazifunga kwenye vishikio kwa waya. CHAKULA. VIATU. NGUO – WATOTO. ZAWADI. MWANGA.

Huo wa MWANGA ulikuwa na taa ya sola ya mama mkwe, tochi, betri na zile taa ndogondogo za kupambia, maana kule mlimani umeme una tabia zake mvua ikinyesha. Nilimwambia, "Baba Nana, si uandike TAA?" Akavua miwani. Akanieleza kwamba tochi si taa, na betri si tochi, wala si taa, kwa hiyo kundi zima kitaalamu linaitwa mwanga. Ilikuwa saa tano usiku. Saa tano usiku hubishani na mtu wa leja.

Halafu zipu ya ZAWADI ikafa. Ilikufa ghafla, imefunguka mdomo wote, na fundi zipu gani utampata usiku huo Tabata? Vitu vyote vya ZAWADI vikahamishiwa MWANGA kwa kuwa ndio uliokuwa na nafasi. Kazi za likizo za watoto nazo zikapenyezwa humo, na nguo mbili tatu za Baba Nana mwenyewe. Lebo hakuibadilisha, sehemu ya laminesheni ilikuwa imeshafungwa. Ila orodha aliibadilisha. Kila mfuko ulikuwa na bahasha ndani, na kwenye bahasha karatasi yenye safu: namba, kitu, idadi, bei, chanzo, maelezo. Akaandika kila kilichohamishwa, kwa mwandiko wake ule wa kunyooka, akapiga sahihi chini.

"Leja haidanganyi," akasema, akazima taa.

Mbezi Louis tulifika bado giza. Stendi imejaa watu, maboksi, magodoro, na akina mama wamekaa juu ya masanduku yao wakilinda kwa uzito. Utingo alikuwa kwenye buti anapokea mizigo, anauliza "unashuka wapi?", anaandika kwa maka peni, anasukuma ndani. Alipofika kwetu akakuta mizigo ina lebo tayari, imepigwa laminesheni. Alifurahi jamani.

"Mzee, safi sana! Abiria wote wangekuwa kama wewe hii kazi ingekuwa raha."

Baba Nana alinitazama. Hakusema kitu, alinitazama tu, na mtazamo huo ulidumu mpaka Chalinze.

Safari yenyewe ilikwenda salama. Mto Wami tukavuka, Segera wa Tanga wakakata kulia, tukachimba dawa njiani, Korogwe tukala chipsi za bei ya sikukuu. Kuanzia hapo milima inakaa kulia kwako, kwanza Usambara, kisha Upare, na kushoto nyika inakauka kadiri unavyokwenda. Mombo, Hedaru, Makanya, Same. Bibi Mdogo alikitumia kindoo chake kwa nidhamu. Junia alilala njia nzima, kana kwamba analipiza kisasi cha saa 8:40.

Basi likasimama Mwanga. Mwanga, kwa asiyepajua, ni mji wa wilaya yetu, chini ya milima ya Ugweno na Usangi, kuna joto na samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani natazama kwetu. Nikamwona utingo anapita chini na mfuko wa shangazi kaja, bluu na nyekundu, anakwenda nao kwenye kibanda cha wakala.

"Baba Nana, ule si mfuko wetu?"

Akafungua jicho moja. "Mama Nana, mifuko hiyo yote mama yao mmoja. Yetu ina lebo."

"Na ule una lebo."

"Basi mwenyewe ni mtu makini," akasema, akalifumba lile jicho.

Himo basi likaiacha njia ya Moshi likaanza kupanda, hewa ikabadilika, migomba ikaanza. Marangu Mtoni tukashuka, viungo vyote vimelala. Baba Nana akatoa karatasi yake kuu na kalamu ya kijani, ya kupokelea. Utingo anatoa, yeye anapiga vema.

"Chakula. Ipo. Viatu. Ipo. Nguo, watoto. Ipo." Akainama kuchungulia buti. "Mwanga?"

"Mwanga tumeshapita, mzee," utingo akasema.

"Hapana. Mwanga. Naulizia Mwanga."

"Ndiyo, Mwanga. Tumeshapita. Hapa Marangu."

"Kijana, najua hapa ni Marangu. Mimi ni mtu wa hapa. Nasema Mwanga iko wapi?"

Abiria wakaanza kutoa vichwa madirishani. Mama mmoja mwenye huruma akasema, "Baba, Mwanga umeipita mbali. Vuka barabara, panda Noah hadi Himo, pale utapata gari la kurudi."

"Sitaki kwenda Mwanga! Nataka mfuko wangu wa Mwanga!"

"Aah, mfuko wa Mwanga!" Utingo akachangamka, amefurahi kwamba wameelewana. "Nimeushusha Mwanga."

Nilikaa juu ya VIATU. Nana, ambaye ana miaka kumi na tano na haamini tena kitu chochote kinachosemwa na wazazi, akatoa simu akawa anaandika kwa kasi, na mpaka leo sijui aliwaandikia akina nani. Baba Nana alibaki na kalamu hewani. Utingo hata kutetereka hakutetereka. Kwani si kimeandikwa? Kimeandikwa kwa herufi kubwa, kina laminesheni. Yeye angejuaje kwamba mzee mzima ameandika Mwanga halafu hamaanishi Mwanga? Akatupa namba ya wakala, akagonga bodi la basi, wakaondoka kuelekea Rombo.

Junia ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga hesabu. "Mama, kazi za likizo si zilikuwa humo?" Nikamwambia ndiyo. Akasogea pembeni, akafumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea. Mtoto yule kanisani haombi hivyo.

Nyumbani walitupokea vizuri. Ukoo wote upo: Babu kwenye kiti chake, mama mkwe jikoni na machalari, Kaka Mkubwa amekuja na gari lake jipya kalipaki mahali ambapo lazima ulizunguke, na wifi zangu wote. Baba Nana akaeleza kwamba mzigo mmoja umechelewa kidogo njiani. Angeishia hapo ingetosha. Lakini aliona nyuso za watu zimesubiri, akaongeza:

"Ni zawadi zenu ndizo zilizomo. Mwaka huu nimechagua mwenyewe, kimoja kimoja. Mtaona."

Namba ya wakala haikupokewa mchana kutwa. Ilipiga yenyewe saa mbili usiku, tumekaa sebuleni wote. Sasa hapa lazima nieleze habari ya simu ya Baba Nana: spika ya sikioni ilishakufa siku nyingi, inaongea kwa sauti ya nje tu. Na mtandao, nyumba ile, unapatikana mahali pamoja, kwenye kona ya dirisha, juu ya bega la mama mkwe. Akaiweka pale.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Mimi wakala wa basi hapa Mwanga. Kuna mfuko hapa tangu mchana unapiga kelele."

"Kelele gani, mzee?"

"Simu. Inaita humo ndani, inanyamaza, inaita. Nikasema huenda mwenyewe anautafuta mzigo, nikafungua ili nimpokelee. Nikaikuta, ya rangi ya pinki. Nikabonyeza, nikasema haloo. Ikanijibu kwa Kichina. Nikasema haloo, hapa Mwanga, wewe nani? Ikaanza kuimba."

Bibi Mdogo akapiga makofi. "Simu yangu!"

"Basi ndiyo wenyewe," Baba Nana akasema, anacheka kwa unafuu. "Mzigo ni wangu, mzee. Kesho asubuhi nitaufuata."

"Sawa. Lakini siutoi hivihivi. Nimekuta karatasi humu ya orodha. Nzuri sana, imepangwa. Nitasoma kitu kimoja kimoja, wewe utathibitisha."

Watu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nasema hili kwa upendo, ni ndugu zangu. Mzee wa Kipare akishapata karatasi yenye safu na sahihi, utaikataza mvua lakini yeye hutamkataza.

"Namba moja. Taa ya sola, moja. Bei elfu arobaini na tano. Chanzo, dukani."

"Ndiyo."

Mama mkwe akatikisa kichwa, ameridhika. Wifi mmoja akasema "eeh, jamani."

"Namba mbili. Tochi, tatu. Maelezo: moja haiwaki."

"Ndiyo. Mzee, inatosha, ni yangu."

"Tusiruke. Ukiruka kimoja leo, kesho utasema kimepotea. Namba tatu. Kitenge cha Mama. Kimoja. Bei elfu kumi na mbili."

Nilimwona Baba Nana ananyoosha mkono kuelekea dirishani. Lakini dirisha lilikuwa juu ya bega la mama yake, na mama yake alikuwa ameinua kidole.

"Maelezo," wakala akaendelea, polepole, anasoma kwa kituo, "punguzo. Kina doa pembeni. Kikunjwe kwa ndani."

Hakuna aliyepumua. Machalari yalikuwa yanatokota kule jikoni, ukayasikia.

"Ni hicho?" wakala akauliza.

"...Ndiyo."

"Namba nne. Kitenge cha mama mkwe. Kimoja. Bei elfu thelathini na nane. Maelezo hakuna."

Mama mkwe wa Baba Nana ni mama yangu wa Ugweno. Mimi nikapata kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha kweli kabisa, kilinishika ghafla, nikainamia kanga yangu. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba mume wangu huyu, miaka yote hii, kumbe.

"Baba Nana," mama mkwe akasema, bila kupandisha sauti, "mwache mzee asome. Anasoma vizuri. Endelea, baba."

"Ahsante, mama. Namba tano. Saa ya mkono ya Babu. Moja. Bei, ameweka mstari. Chanzo: ilikuwa yangu. Imebadilishwa mkanda."

Babu, ambaye masikio yake huchagua cha kusikia, hilo alilisikia. "Ile saa yako ya harusi?" akauliza. "Si ilisimama?"

"Namba sita. Shati la Kaka Mkubwa. Chanzo: Karume, mtumba. Maelezo: kola igeuzwe."

Kaka Mkubwa ni mtu ambaye, ukimsalimia, ndani ya dakika anakuwa ameshakutajia bei ya matairi yake. Aliweka glasi ya mbege chini taratibu. "Aisee," akasema. "Aisee, mdogo wangu."

"Namba saba. Soksi, jozi sita, mawifi wote. Chanzo: zilitolewa bure kazini. Hapa kuna nembo, nadhani. Namba nane. Bukta ya baba, moja. Maelezo: tundu moja, lisiongezeke."

Hapo Nana alitoka nje. Tulimsikia ametoka mpaka kwenye migomba, na vicheko vyake vikawa vinakuja kwa mafungu.

"Namba tisa. Kazi za likizo, watoto."

"Sema hapana, baba," Junia akanong'ona, kamshika baba yake mkono wa shati. "Baba, sema hazipo."

"Ndiyo," Baba Nana akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufa, anathibitisha tu kwa ajili ya kumbukumbu.

"Namba kumi ndiyo hii simu. Nitaizima vipi? Mke wangu anasema nisilale nayo ndani." Akashusha pumzi. "Basi, mzigo umetimia. Lakini bwana, nikupongeze. Nimekaa stendi hii miaka mingi, sijawahi kuona mtu mkweli hivi."

Simu ikakatika. Mama mkwe akageuka kwenye kiti, akamtazama mwanawe muda mrefu, akauliza swali moja tu.

"Doa liko pembe ipi?"

Kesho yake Baba Nana aliondoka jua halijachomoza, akapanda Noah hadi Himo, akaunganisha Mwanga. Wakala alimsainisha, akamwomba hela ya soda, akamtaka pia aandike kwa maandishi kwamba simu ya pinki imekabidhiwa ikiwa hai. Mchana alirudi na mfuko, na perege wakubwa wa Nyumba ya Mungu kwenye karatasi, na kitenge kingine alichokinunua Himo. Lile fungu lake la dharura, ambalo huwa haliguswi hata nyumba ikiungua, lilikuwa limeguswa.

Perege hawakutosha. Kaka Mkubwa alikuwa anamsubiri mlangoni na isale. Wageni niwaeleze: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yao ya nyumbani. Aliyekosa akikuletea isale akiomba radhi, kwa mila huruhusiwi kumkatalia, hata kosa liwe kubwa namna gani. Kaka Mkubwa alikuwa amelichagua jani refu kuliko yote na amelifuta vumbi. Nadhani alikuwa na furaha kuliko siku aliyonunua gari.

Basi mume wangu, stoo kipa, mtu wa idhini na sahihi, akaingia sebuleni ameshika jani kwa mikono miwili. Mama mkwe alilipokea. Akasema amesamehe, na alisema kwa moyo, maana yule mama ana utani lakini hana kinyongo. Halafu akaufungua mfuko mwenyewe, akatoa vitenge viwili, akavitandika mezani, akachukua cha elfu thelathini na nane.

"Isale inasamehe," akasema. "Haichagui kitenge."

Cha doa alinipa mimi. Nilikipokea kwa shukrani, nimekishonea gauni, na doa limeangukia ndani ya pindo kama ilivyoelekezwa. Mama yangu Ugweno alipata kile cha Himo, ambacho bei yake sikuiuliza na Baba Nana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuiandika popote.

Kilichobaki cha likizo kilikwenda kwa mpangilio mpya. Ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko la Bibi haikuwa ya Baba Nana. Asubuhi watoto wanakata majani ya ng'ombe, saa nne kazi za likizo, Junia kwanza. Mama mkwe alikuwa ameisoma ile orodha mpaka mwisho, akaona namba tisa ilithibitishwa mbele ya mashahidi. Jioni jamaa waliokuja kusalimia walikuwa wanauliza kama mtandao uko vizuri, na kama mzee wa Mwanga anaweza kupigiwa asome tena. Babu aliivaa saa kila siku. Ilisimama saa nne na robo, naye akasema inamtosha, saa nne na robo ni wakati mzuri.

Siku ya kurudi Dar, kabla shule hazijafunguliwa, tulikuta mizigo ya kupeleka imeshapangwa barazani. Mkungu wa mshare, magimbi, maparachichi, kidumu cha maziwa, na jogoo mwekundu kafungwa miguu, anatutazama kwa dharau. Juu ya mkungu kulikuwa na karatasi ya daftari imechorwa safu kwa rula. Baba Nana akaiokota, akaisoma kimya, midomo ikasimama katikati. Nikamsogelea nikachungulia begani.

Mwandiko ulikuwa wa mama mkwe, wa kulala kidogo kushoto. Ndizi, mkungu mmoja. Chanzo: shambani. Maelezo: mzuri tumeuacha. Magimbi, debe moja. Chanzo: jirani, bure. Maparachichi, ishirini. Chanzo: yameokotwa. Maziwa, kidumu kimoja. Maelezo: ya juzi, yasitikiswe. Jogoo, mmoja. Bei, ameweka mstari. Chanzo: alikuwa wangu. Amebadilishwa kamba.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya mpokeaji, na mama mkwe alikuwa amesimama pale, amemnyooshea kalamu ya kijani.